Daftari la Mpemba

Kwenye kona ya mtaa wetu, Kihonda, Morogoro, kuna duka lisilo na jina. Watu husema tu "kwa Mpemba," na mwenyewe huitika. Ndani, nyuma ya nondo, ametundika kibao kinachomkumbusha mteja kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Kibao hicho ni pambo. Kinachoendesha duka ni daftari la kurasa mia mbili linalolala kando ya mizani, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mgongo wake.

Jioni moja ya Agosti nilikwenda kununua kiberiti, nikamkuta amelishika daftari lile mbali na uso kama mtu anayetaka kulipiga picha.

"Mwalimu," akaniambia, "miwani imenivunjikia. Hebu nisomee, mimi nijumlishe."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeita majina ya mahudhurio miaka thelathini na minne. Nikatia kiberiti mfukoni, nikaanza. Mpemba hawaandiki wateja wake kwa majina ya ubatizo. Huwaandika kwa alama anazowajua nazo. Fundi Baiskeli, 3,000. Mama Neema Kwaya, 12,400. Boda Shati Jekundu, 7,500. Mzee wa Kanisa Geti Bluu, 31,000. Nikageuza ukurasa. Mwalimu Biblia, 46,500.

Nilisoma kwa sauti ile ile, maana nilikuwa nimeshaanza. Yeye akabonyeza kikokotoo bila kuinua uso.

Mtaani hakuna Mwalimu Biblia mwingine. Kila Jumapili, saa moja kasorobo asubuhi, mimi hupita mbele ya duka lile na Biblia kwapani kwenda ibada ya kwanza, ambako mara moja kwa mwezi nahubiri. Siku zote nilidhani kupita vile ni ushuhuda. Na kweli ulikuwa ushuhuda: uliniandikisha kwenye daftari kwa cheo changu, pamoja na miezi mitatu ya sukari, mafuta ya kupikia na vocha. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa najiuliza kama miwani ile ilivunjika kweli.

Vitabu vya kumfundisha Mkristo namna ya kumweleza jirani habari za Yesu ni vingi, na baadhi nimevifundisha mwenyewe kwenye semina. Vinaeleza uanze na salamu gani, utumie mistari ipi, umjibuje mwenye mashaka. Shida yangu navyo ni moja. Vinamchukulia jirani kana kwamba ni abiria tuliyekutana naye kwenye basi la Dodoma, asiyejua tumetoka wapi. Jirani wa kweli, yule wa ukuta kwa ukuta, anatujua. Anajua tunavyomfokea mtoto saa kumi na mbili asubuhi, anajua nani alihamisha bikoni ya mpaka, anajua tuna deni wapi. Tukifungua kinywa kumhubiria, yeye anasikiliza mahubiri mawili kwa pamoja, na la pili amekuwa akilisikia miaka.

Makanisani kwetu ushuhuda umekwisha kupata umbo lake. Mtu anasimama, anasema Bwana Yesu asifiwe, anaitikiwa Amina, anarudia kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa itikio la kwanza halikumridhisha. Kisha anaeleza alikotolewa: pombe, waganga, mabinti. Dhambi zote ni za zamani, na hazina bei wala mwenyewe. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba mwaka juzi alimpunja fulani shilingi elfu themanini kwenye mahindi, na huyo fulani amekaa benchi la tatu. Hapo huwa tunasema Mungu anajua. Mungu anajua, ndiyo, lakini na wa benchi la tatu anajua pia.

Waliotuachia neno hili, ushuhuda, walilitumia kwa namna nyingine.

Wazee waliolea Waanglikana wengi wa Afrika Mashariki, na Walutheri wa Bukoba pia, waliitwa Watu wa Uamsho, au Ndugu tu. Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Habari yao husimuliwa kama habari ya mikutano mikubwa na ya wimbo wa Tukutendereza. Mimi kadiri ninavyozeeka naisoma zaidi kama habari ya madeni.

Gahini ni kilima juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Misheni ya Kianglikana ilijenga hospitali pale miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka hiyo akafika daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, aliyesoma Cambridge. Alipokewa na njaa. Ile njaa ya 1928 na 1929 iliua watu wengi mno Rwanda, na daktari alichoka mwili, akachoka na roho. Septemba 1929 alikuwa Kampala, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mtoto wa chifu aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika idara ya afya. Wawili hao walikaa na Biblia moja siku mbili, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kuna kitu anakikosa. Mzungu na Mwafrika kuambiana hivyo katika Uganda ya mkoloni, hilo peke yake lilikuwa habari. Nsibambi akaacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha.

Lakini ninayempenda zaidi ni mtu wa tatu, ambaye wasimulizi humpita mbio. Yosiya Kinuka alikuwa mkubwa wa wahudumu wa hospitali ya Gahini. Hospitali ilikuwa imejaa manung'uniko: wahudumu hawawataki Wazungu, Wazungu hawaridhiki na wahudumu, kazi inalegea. Kinuka akaenda Kampala kwa Nsibambi, akamweleza yote yanayoharibika kule. Nsibambi hakuingia katika mjadala wa hospitali. Alimwambia chanzo cha ubovu ule kiko moyoni mwake yeye Kinuka. Katika safari ya kurudi neno lile likamwingia, na alipofika alianza na kuomba radhi, kwa daktari na kwa wenzake. Mahubiri yalikuja baadaye.

Hospitali ni mahali pagumu pa kuigiza utakatifu. Kuna zamu ya usiku. Kuna dawa zinazohesabiwa, na kuna mgonjwa fukara asiyejua pa kukushtaki. Mhudumu aliyebadilika atajulikana kabla ya wiki kwisha, na asiyebadilika pia atajulikana. Ndiyo maana nadhani haikuwa bahati tu kwamba moto ule uliwaka hospitalini na usiwake katika chuo cha theolojia.

Desemba 1933 palifanyika Gahini mkutano wa mafundisho wa siku kadhaa, ambao mpaka karibu na mwisho haukuwa umemtikisa mtu. Wakabaki kuomba. Mmoja akasimama akataja dhambi yake. Akafuata wa pili. Ikaenda hivyo zaidi ya saa mbili. Kutoka hapo mambo yakasambaa, Kabale nchini Uganda 1935, Kabete nchini Kenya 1937, na kwetu Tanganyika yakaingilia upande wa Ziwa Viktoria, Katoke, mwaka 1939. Kigozi hakuyaona hayo ya mwisho; homa ilimwua Januari 1936 akiwa bado kijana.

Mikutano naiacha hapo. Kilichowashangaza watu ni mambo ya siku za kazi zilizofuata. Watu walikwenda kwa waliowaibia. Walirudisha ng'ombe, fedha, vifaa vya misheni. Wengine walikwenda ofisini kwa serikali kulipa kodi waliyoikwepa, mbele ya karani asiyejua aiandike wapi fedha ya namna hiyo. Mume alimwomba radhi mke mbele ya watoto, jambo ambalo katika nyumba nyingi za wakati ule halikuwa na hata maneno ya kulisemea. Wamisionari wenyewe wakawaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao. Ndugu waliita mwenendo huo kutembea nuruni, na maana yake haikuwa ya mafumbo: usiwe na kona ambayo mwenzako haruhusiwi kuchungulia.

Tazama sasa jambo lile lilivyofanya kazi. Mtu aliyeibiwa kuku miaka sita iliyopita amekaa kibarazani. Anakuja mwizi wake, mchana, na kuku mkononi. Hakuna haja ya kumvizia mtu huyo kwa mahubiri, yeye mwenyewe atauliza, "Imekuwaje?" Na swali hilo likishatoka kinywani mwake, jibu ni lake, halikusukumizwa. Kesho yake atalisimulia yeye mwenyewe kilabuni, kwa kushangaa, kwa watu ambao wasingekanyaga kanisani. Habari njema ilisafirishwa na wenye kudai. Ndugu hawakuwa na redio wala fedha za kuandaa mikutano ya hadhara. Walikuwa na wadai wao, na wadai walikuwa wengi.

Injili ya Luka ina mtu aliyeelewa hivyo mapema. Zakayo hakuambiwa alipe. Yesu alijikaribisha tu nyumbani kwake, na watu nje walikuwa wananung'unika kwamba mgeni ameingia kwa mwenye dhambi. Zakayo alipoinuka alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu, mara nne. Mara nne ndicho kiwango cha Torati kwa mwizi wa kondoo. Naye mtoza ushuru, bila wakili, alijihukumu kwa sheria ya wezi wa mifugo. Wale wanung'unikaji wa nje ndio waliokuwa wanamdai.

Na Paulo, katika ile barua fupi kuliko zake zote, anamrudisha Onesimo kwa Filemoni pamoja na ahadi, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kama kuna deni atalilipa yeye. Anaongeza kwa ujanja wa kichungaji kwamba Filemoni naye anadaiwa nafsi yake. Barua nzima inanukia daftari. Hata Sala ya Bwana: katika Mathayo ya Biblia yetu ya Union Version neno ni deni, lakini ibadani tumezoea kusema makosa. Maneno yote mawili yana sababu zake. Ila kosa ni rahisi kulisahau. Deni lina mtu anayelikumbuka.

Festo Kivengere, mmoja wa Ndugu hao, ambaye Watanzania wa rika langu wanamdai kidogo kwa kuwa alifundisha Dodoma kabla hajawa askofu Kigezi, alipenda kujisimulia mwenyewe. Siku moja aligombana na mkewe, Mera, na muda wa kwenda kuhubiri ukawa umefika. Akiwa anajiandaa akasikia moyoni anaambiwa arudi akaombe pamoja na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, atatengeneza akirudi. Akajibiwa: sawa, wewe nenda ukahubiri, mimi nabaki hapa na mke wako. Askofu huyu ndiye aliyekimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, kisha akaandika kitabu cha kueleza kwamba anampenda Idi Amin. Watu humkumbuka kwa kitabu hicho. Mimi nadhani kilianza nyumbani siku ile. Asiyeweza kumwomba radhi Mera hawezi kumsamehe Amin. Ataigiza tu, na maigizo hayavuki mpaka.

Ndugu walikosea pia. Kuungama kuligeuka kuwa tiketi ya kuingilia; asiyekuwa na dhambi mpya ya kusimulia alionekana amepoa. Wengine walitaja uzinzi wao pamoja na jina la mwanamke, mbele ya umati, na mwanamke yule hakuwa ameombwa ruhusa, akarudi nyumbani kwa mumewe na aibu asiyoitafuta. Kuungama dhambi ya mwenzako hakuwezi kuitwa kuungama. Wazee wenye busara walijifunza kuchuja: la fedha lisemwe kwa aliyeibiwa, la nyumbani lisemwe nyumbani. Walikuwa pia na ukali wa kuwapima wengine. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, William Nagenda akiwamo, baada ya mvutano na uongozi juu ya sala zao za alfajiri na mahubiri yao. Kila nikiisoma habari ile naona haki iligawanyika pande mbili.

Na kuna jambo zito kuliko hayo. Gahini iko Rwanda. Nchi ambamo Uamsho ulizaliwa ndiyo iliyokuwa na mauaji ya kimbari ya 1994, na baadhi ya makanisa, kama Ntarama na Nyamata, leo ni makumbusho ya waliouawa humo ndani wakitafuta kimbilio. Nimewasikia wahubiri wakilipita hili kwa kusema wauaji hawakuwa wameokoka kweli. Jibu hilo ni jepesi mno. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu anaweza kurudisha jembe la jirani yake na bado asiguse hesabu kubwa zaidi, ile ambayo taifa zima linaandika bila kuisoma: nani anaitwa mtu na nani anaitwa mende. Kenya, wakati wa vita ya Mau Mau kuanzia 1952, Ndugu wengi waliigusa hesabu ya namna hiyo. Walikataa kiapo, wakakataa pia bunduki ya serikali, wakauawa kwa kukataa. Kwa hiyo iliwezekana. Haikuwa lazima ishindikane.

Nirudi nyumbani, maana ni rahisi kuongea juu ya Rwanda ukiwa Morogoro.

Mkoa wetu ni wa mazao. Msimu wa mavuno barabara hujaa malori na magunia ya lumbesa, yale yanayoongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka gunia linakuwa gunia na nusu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima anajua, mnunuzi anajua, mshonaji anayelipwa kwa gunia anajua. Nina ndugu katika imani wanaonunua hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili wanatoa sadaka ya shukrani kwa msimu mwema. Nimekula kwenye shughuli zao. Wali ulikuwa mzuri.

Nao wafanyabiashara wana haki ya kuniuliza juu ya posho. Mwaka mmoja, nikiwa bado kazini, nilisaini posho ya siku tano kwa semina iliyochukua siku tatu. Tulikuwa walimu kumi na saba. Karatasi ilipita kutoka mkono kwa mkono, kila mtu akiangalia saini iliyotangulia. Semina ilifunguliwa kwa sala, na sala niliiongoza mimi. Miongoni mwetu alikuwamo kijana aliyeanza kazi mwaka ule, hakuwa mtu wa dini yoyote kwa wakati huo. Alipofikiwa na karatasi alinitazama mimi kwanza, ndipo akasaini. Nimehubiri mahubiri mengi kabla ya siku ile na baada yake, lakini sidhani kama lipo moja lililomfikia mtu moja kwa moja kama lile.

Na kuna dada wa kazi. Nikitaka kujua imani ya nyumba fulani siulizi wanasali wapi. Nauliza binti wa kazi analipwa tarehe ngapi, anakula saa ngapi, analala wapi. Katika nyumba zetu nyingi jioni watu hukusanyika kwa sala. Yeye huitwa aje, kisha katikati ya sala hutumwa akaangalie maharage yasiungue. Mshahara wake hukawia kwa sababu "si yuko hapa hapa, anahitaji hela ya nini." Binti huyo anasikia Neno la Mungu katika nyumba hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa anasikia na yale yasemwayo baada ya Amina. Akiondoka kurudi kwao, Iringa au Singida, ataeleza Ukristo wa mjini ulivyo. Wote watamwamini, kwa sababu aliuona kwa macho.

Nimewahi kuulizwa, kwenye semina moja ya usharika wa jirani: je, basi tunyamaze mpaka tukamilike? Swali ni zuri, na aliyeuliza alitaka kweli kujua. Tukingoja hivyo hatutasema kamwe. Lakini angalia Ndugu walikuwa wanasema nini. Hawakumwendea jirani na kumwambia, nitazame nilivyo safi. Walimwendea wakiwa wadaiwa. Walisema: hiki ni chako, nilikichukua, nisamehe, nimekileta kwa sababu kuna aliyenisamehe zaidi ya hiki. Ushuhuda wa namna hiyo hauhitaji ukamilifu, unahitaji nauli ya kumfikia unayemwomba msamaha. Kwa sababu hiyo hata mtu aliyeokoka jana anaweza kuutoa, na askofu wa miaka ishirini anaweza kushindwa.

Mtume Petro aliwaandikia Wakristo waliotawanyika wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, kwa upole. Mstari huo tunaupenda, na tunauhubiri kwa vipaza sauti stendi ya mabasi saa kumi na moja alfajiri, kwa watu ambao hawajauliza kitu. Simlaumu mhubiri wa stendi; wapo waliookoka kwa sauti yake, na mmoja ni mzee wa kanisa letu. Ila neno la Petro linatangulizwa na swali, na swali haliulizwi hewani. Linaulizwa mtu akiona kitu ambacho hesabu zake za kawaida hazikipatii jibu.

Katika mitaa yetu iliyochanganyika swali hilo lina nafasi nyingi. Tunazikana. Mkristo akifa, jirani Mwislamu ndiye anayeshika kisu cha kuchinja ng'ombe wa msiba, ili wote wapate kula. Kaburi linachimbwa kwa zamu bila kuuliza nani anaabudu wapi. Hapo ndipo tunapoonana jinsi tulivyo: nani anaondoka kabla ya kuosha masufuria, nani anahesabu rambirambi na zikatimia. Sipendi kabisa misaada inayotolewa kama chambo, unga mkono mmoja na kadi ya ubatizo mkono wa pili. Mwenye njaa akila chambo atakitema siku akishiba, na ana haki. Mpe unga kwa kuwa ana njaa. Akitaka kujua kwa nini, atauliza; asipouliza, ameshiba, na hilo nalo Bwana wetu aliliona ni jambo.

Pensheni yangu iliingia tarehe ya kawaida, mwishoni mwa Septemba. Nilitoa noti tano za elfu kumi, nikazikunja ndani ya bahasha, halafu nikaitoa bahasha kwa sababu nilihisi inafanana na sadaka. Nilivuka barabara. Miezi ile nilikuwa nimezoea kupita upande wa mfereji.

"Ami," nikasema, "nimekuja na ile hesabu. Nimekukosea. Kila Jumapili nimepita hapa nikijua, na kitabu kwapani."

"Mwalimu, deni si kosa," akanijibu. "Kosa kukimbia. Nawe hukukimbia, ulihamia ng'ambo tu."

Akazichukua noti, akazihesabu, akazihesabu tena. Kisha akaniuliza, kama mtu aulizaye bei ya nyanya, "Kwani leo imekuwaje?"

Nilikuwa na majibu ya semina, yale ya hatua nne. Sikuyakumbuka hata moja. Nikamsimulia habari ya mtoza ushuru mfupi wa Yeriko aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, au Nabii Isa kama yeye anavyomwita. Alicheka sana pale mtu mzima, tena tajiri, anapopanda mti. Nilipofika kwenye mara nne akaacha kucheka, akavuta kikokotoo.

"Mara nne ya yako ni laki moja themanini na sita elfu."

"Ndiyo."

"Basi wewe hujafika huko."

"Sijafika," nikamwambia.

Akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya Mwalimu Biblia, akanirudishia 3,500. Alikuwa amevaa miwani. Mguu wa kushoto wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa plasta nyeupe, ile ya hospitali.